Sura ya Tatu: Wiki ya Mwisho ya Machi 1979

Jumatatu tarehe 26 Machi 1979, wanaume watatu walikaa kwenye meza moja nje ya Ikulu ya Marekani mjini Washington wakatia saini mkataba wa amani. Walikuwa Anwar Sadat wa Misri, Menachem Begin wa Israeli, na mwenyeji wao Jimmy Carter. Picha ya mikono yao mitatu iliyoshikana ilizunguka dunia nzima, na hadi leo haikosekani katika kitabu chochote cha historia ya miaka ile.

Siku hiyohiyo, mjini Moshi, Waganda waliokuwa uhamishoni walikuwa wanafunga mkutano wa siku tatu. Waliingia wakiwa makundi mengi yasiyoaminiana, wakatoka na chombo kimoja, UNLF, na mwenyekiti mmoja, Profesa Yusuf Lule. Kabla ya katikati ya mwezi uliofuata, Lule alikuwa Rais wa Uganda. Mkataba wa Washington umo katika kila orodha ya matukio makubwa ya 1979. Mkutano wa Moshi sijauona hata katika orodha moja iliyochapishwa ughaibuni.

Mimi nilizaliwa wiki hiyo, jijini Mwanza, Tanzania ikiwa vitani na Uganda ya Idi Amin. Kwa hiyo kila ninapokutana na zile kadi na vitabu vinavyomwambia mtu "haya ndiyo yaliyotokea duniani siku uliyozaliwa", huanza kwa kutafuta kilichokosekana. Napata mkataba wa Sadat na Begin. Napata ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Pennsylvania, iliyotokea Jumatano tarehe 28. Napata kuanguka kwa serikali ya James Callaghan bungeni London usiku wa siku hiyohiyo, kwa tofauti ya kura moja tu, 311 kwa 310, kukamfungulia njia Margaret Thatcher. Napata kura ya maoni ya Iran ya tarehe 30 na 31, iliyoizaa Jamhuri ya Kiislamu. Yote ni kweli na yote ni makubwa. Lakini bomu lililoanguka karibu na wodi aliyolala mama yangu silipati.

Bomu hilo nalo ni la kweli. Mwishoni mwa mwezi ule, Muammar Gaddafi wa Libya, aliyekuwa amemtumia Idi Amin askari na silaha, alituma pia ndege ya kivita aina ya Tupolev 22 kwenda kupiga Mwanza. Ilichokuwa inakitafuta ni bohari ya mafuta. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yanayasukuma malori ya jeshi letu kuelekea Kampala, na bohari ile ingewaka, safari nzima ingekwama. Rubani aliikosa bohari, akaukosa na mji mzima. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saa Nane.

Asiyeijua Mwanza inafaa aelewe mahali penyewe. Saa Nane ni kisiwa kidogo cha majabali, jirani kabisa na Capri Point. Ukisimama ufukweni unakiona bila shida. Kimepewa jina la mkulima na mvuvi aliyekuwa akiishi pale kabla serikali haijakigeuza kuwa bustani ya wanyama katika miaka ya sitini. Leo ni hifadhi ya taifa. Mwaka ule kilikuwa mahali pa watoto wa shule kwenda kutazama swala na ndege kwa boti. Waliokufa kwa bomu la Gaddafi walikuwa swala wale. Mama anasema mlio ulifika hadi mjini, vioo vikatetemeka, wazazi wa wodini wakashuka vitandani na kulala chini wakiwa wamewakumbatia vichanga. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi tangu jioni ili mwanga usitoke nje. Mkunga alikuwa na tochi moja, nayo ameifunika kwa kitambaa.

Nimetumia muda mwingi kuutafakari umbali ule kati ya kisiwa na bohari. Ndege ya kasi ile huukata katika sekunde chache.

Hapo ndipo ninapoona matukio mawili ya wiki ile, la Washington na la Mwanza, yakigusana. Gaddafi aliyeituma ndege ile ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kuupinga mkataba wa Sadat. Jumamosi tarehe 31 Machi nchi za Kiarabu zilizokutana Baghdad zilisimamisha uanachama wa Misri katika umoja wao. Libya ilikuwa inagombana na Cairo, inagombana na Washington, na wakati huohuo inapoteza askari wake kwenye vinamasi vya Lukaya, kusini mwa Kampala, ambako usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 Machi kikosi chake kilipambana na majeshi yetu na kushindwa. Vijana wa Tripoli walikufa kwenye barabara ya Masaka wakimpigania mtu ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona. Mtoto aliyezaliwa Mwanza wiki ile aliingia duniani akiwa ndani ya ugomvi wa Mashariki ya Kati bila nyumba yao kujua.

Turudi nyuma kidogo, maana wapo wasomaji wengi wa leo waliozaliwa baada ya haya yote. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka wa Mutukula na kuiteka ardhi yote hadi mto Kagera. Amin akatangaza kwamba eneo hilo, lenye ukubwa wa yapata kilomita za mraba 1,800, sasa ni la Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Watu walichinjwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, kiwanda cha sukari kikaporwa. Maelfu kwa maelfu ya wananchi walikimbilia kusini, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wajawazito waliojifungulia migombani. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga mvamizi upo, sababu ipo na nia ipo. Watanzania wa umri fulani bado wanaweza kuyasema maneno yale kwa sauti yake ileile, na pale aliposita wanasita.

Bara hakukuwa na televisheni wakati ule. Vita vilikuja kwa redio. Baba yangu mdogo, aliyechukuliwa kutoka mgambo kama maelfu ya vijana wenzake, alikuwa akisema kwamba hata kule mbele, mwenye redio ya betri ndiye aliyekuwa na marafiki wengi. Walikuwa wanaisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam ikiwaeleza walikofika, ilhali wenyewe ndio waliofika. Usiku walisikia pia Radio Uganda ikitangaza kwamba wamekwisha kufa. Mizinga ya roketi waliyokwenda nayo ilipata jina upande wa pili wa mpaka: Waganda waliiita Saba Saba, na askari wa Amin waliisikia mara moja tu wakaanza kuvua magwanda.

Na magazeti ya nje? Novemba ile yalikuwa na habari nyingine. Tarehe 18 watu zaidi ya 900 walikufa kwa pamoja Jonestown, Guyana, wengi wao kwa sumu, wakimfuata mhubiri wao Mmarekani. Habari hiyo ilijaza kurasa kwa wiki kadhaa. Vita vyetu vilipata nafasi pale Amin alipofanya kituko. Alipopendekeza kwamba yeye na Nyerere wapande ulingoni wamalize mambo kwa ndondi, Muhammad Ali akiwa mwamuzi, magazeti ya dunia yalilipokea jambo hilo kwa furaha. Linaniuma hadi leo. Mtu aliyekuwa ameua maelfu kwa maelfu ya raia wake, na wiki hizo alikuwa anaua wa kwetu, aligeuzwa kichekesho cha kusomwa wakati wa chai.

Kuna mmoja ambaye mwaka ule ulimpitisha kwenye habari za pande zote mbili. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza wa zama hizi kuwa kardinali, ni mzaliwa wa kulekule Kagera na aliwahi kuwa askofu wa Bukoba. Mwaka 1978 ulikuwa mwaka wa mapapa watatu: Paulo wa Sita alifariki Agosti, Yohane Paulo wa Kwanza akafariki Septemba baada ya siku 33 tu, na tarehe 16 Oktoba akachaguliwa Karol Wojtyla wa Poland. Rugambwa aliingia katika chaguzi zote mbili. Wiki mbili tu baada ya ule wa pili, mizinga ilikuwa inaanguka kwenye ardhi ya kwao. Ukitaka kumwonyesha mtoto jinsi habari za dunia na habari za kijijini zinavyoweza kukaa katika kifua cha mtu mmoja, mwanzie kwa huyo mzee.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote ya majira yale. Siku ya Krismasi 1978 majeshi ya Vietnam yaliingia Kambodia, na tarehe 7 Januari 1979 yaliuteka mji mkuu, Phnom Penh, yakamwondoa Pol Pot ambaye utawala wake ulikuwa umeua watu kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili. Wiki mbili baadaye, tarehe 21 na 22 Januari, majeshi yetu yaliteka Mutukula, yakaendelea hadi Masaka mwezi Februari, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Kwa muda wa miezi mitatu, nchi mbili maskini, zote zikiwa zimechokozwa mpakani, ziliingia kwa jirani na kung'oa utawala wa mauaji. Zote zilikuwa zimekanyaga kanuni ileile ya mataifa, kwamba mpaka wa mwenzako hauvukwi.

Dunia haikuzipokea sawa. China iliishambulia Vietnam tarehe 17 Februari kwa kile ilichokiita kuifunza adabu, na Umoja wa Mataifa ukakiacha kiti cha Kambodia mikononi mwa watu wa Pol Pot kwa miaka. Tanzania haikufanyiwa hivyo. Serikali ya Lule ilitambuliwa haraka na wakubwa wengi wakanyamaza, pengine kwa kuona haya, kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama na kumtetea Amin waziwazi. Lawama zilitoka nyumbani Afrika. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Monrovia Julai 1979, Rais Nimeiri wa Sudan na Jenerali Obasanjo wa Nigeria walimshutumu Nyerere kwa kuvuka mpaka.

Nimezisoma hoja za pande zote na msimamo wangu ni huu: tulifanya haki. Umoja uliokaa kimya wakati Kagera inatekwa haukuwa na mdomo wa kulaani kutekwa kwa Kampala. Lakini nakubali pia kwamba hofu ya kina Obasanjo haikuwa ya kipuuzi, kwani bara lenye mipaka iliyochorwa na wakoloni lingeweza kuwaka moto kila kona kama kila rais angejipa ruhusa ile. Yaliyotokea nchi za maziwa makuu miaka ya tisini yalionyesha hivyo.

Mwaka uleule wa 1979 uliwachukua watawala wengine wawili. Tarehe 3 Agosti Francisco Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta alipinduliwa na mpwa wake. Usiku wa tarehe 20 Septemba makomando wa Ufaransa walimwondoa Bokassa, aliyejivika taji la ufalme Afrika ya Kati, akiwa safarini Libya. Katika kipindi cha miezi sita Afrika iliondokewa na watawala wake watatu waliotisha kuliko wote. Mtoto aliyezaliwa 1979 alikuwa bado hajatembea vizuri na tayari kulikuwa na nafasi tatu wazi kwenye meza ya wakubwa.

Lakini habari iliyoingia ndani ya nyumba yetu kuliko zote ilitoka Iran. Mwishoni mwa 1978 wafanyakazi wa visima vya mafuta kule waligoma. Tarehe 16 Januari 1979 Shah aliondoka nchini, tarehe 1 Februari Ayatollah Khomeini akarudi kutoka uhamishoni, na soko la mafuta la dunia likaingiwa na kiwewe. Pipa lililokuwa likiuzwa yapata dola 13 au 14 mwaka 1978 lilivuka dola 30 kufikia 1980. Tanzania ilikuwa inaagiza kila tone kutoka nje. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, mpaka na Kenya umefungwa, bei ya kahawa iliyopanda mno miaka miwili nyuma imeshuka, na vita vyenyewe, kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, vilitugharimu dola milioni 500. Hesabu haikuwa na pa kutokea.

Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi 18 ilikwisha na mikanda ikaendelea kukazwa. Sisi tuliozaliwa vitani tulijifunza kutembea kwenye foleni. Kulikuwa na foleni ya sukari, ya sabuni, ya mafuta ya taa na ya khanga. Tulikula unga wa njano uliotoka Marekani, ule tuliouita yanga, tukakua tukidhani mafuta ya taa kwa kawaida hupimwa kwa kichupa kidogo. Nyumbani kibatari kilizimwa mara tu watoto wanapomaliza kula, na masomo ya jioni yalifanywa kwenye mbalamwezi ilipokuwepo. Mtu akiniuliza Mapinduzi ya Iran yalimhusu nini mtoto wa mtaa wetu wa Kirumba, namwambia giza lile lilikuwa na sehemu yake kutoka Tehran.

Yapo mema pia ya mwaka ule, nayo hayapewi nafasi ya kutosha. Umoja wa Mataifa uliutangaza 1979 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto. Septemba 1978, mjini Alma-Ata, mataifa yalikuwa yameafikiana kwamba afya ya msingi ni haki ya kila mtu, na Tanzania, yenye zahanati zake za vijijini, ilikuwa ikitajwa kama mfano. Julai ya mwaka huohuo alizaliwa Oldham, Uingereza, Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kutungwa mimba nje ya mwili wa mama. Tumepishana naye miezi minane.

Jambo kubwa zaidi liko mkononi mwangu, au tuseme halipo. Dada yangu mkubwa ana kovu la chanjo ya ndui. Mimi nina la kifua kikuu peke yake. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Tarehe 9 Desemba 1979 wataalamu walitia saini tamko kwamba ugonjwa uliowaua binadamu kwa maelfu ya miaka umekwisha. Maalin baadaye alijitolea kuwahamasisha Wasomali wenzake wachanje watoto dhidi ya polio, na alifariki 2013 kwa malaria akiwa katika kazi hiyo. Ndui ilikwisha hapa, kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, na mtu wa mwisho alikuwa jirani. Ningependa kila mtoto wa shule alijue jina lake kama anavyolijua la Columbus.

Nimalizie na wale ambao hawana hata tarehe. Sensa ya watu ilifanyika Agosti 1978, ikatuhesabu milioni 17 na nusu. Waliozaliwa vitani hawakuwamo, wakaja kuhesabiwa kwa mara ya kwanza 1988. Wengi hawakuwa na cheti. Wapo waliopewa majina ya Vita, Mashaka na Shida, na ukiwauliza walizaliwa lini watakujibu "wakati wa Amin". Makarani wa sensa walilijua hilo. Walikuwa wakitembea na orodha ya matukio ya kukadiria umri wa watu: mwaka wa mafuriko, mwaka wa njaa, mwaka wa vita. Waliozaliwa Kagera wana jambo la ziada. Mkoa wao ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukabadilishwa jina mwaka 1979 baada ya ushindi, kwa hiyo karatasi zao za zamani zinataja mkoa ambao haupo tena kwenye ramani.

Waliokuwa na miaka ishirini wakati daraja la Kyaka linalipuliwa sasa wanakaribia sabini. Waliokuwa na arobaini wengi tumekwisha kuwazika. Kama ulizaliwa kati ya Oktoba 1978 na Juni 1979, iwe Bukoba, Mwanza, Masaka au Kampala, na mama yako bado yupo, nenda ukamuulize kabla ya msimu huu wa mvua kwisha. Muulize alijifungulia wapi hasa, nani aliyemshika mkono, redio ilikuwa inasema nini siku ile, baba yako alikuwa upande gani wa mto, na kilo ya sukari alikuwa akiipata wapi. Andika majibu yake kwa wino, weka na tarehe, na umpe nakala mwanao.